Unaishi humo au unapangisha? Nyumba na kodi, 1971 hadi 2004

Nilipotea kidogo, test zilibana kweli kweli. Jumamosi nilidandia daladala kutoka Malimbe hadi mjini, nikapita Makoroboi nikitazama ghorofa za zamani za Wahindi. Nikakumbuka desa la historia.

Aprili 1971, miaka 4 baada ya Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Yaliyolengwa ni yale yaliyopangishwa na yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000. Mengi yalikuwa ya Waasia, na lenye umri wa zaidi ya miaka 10 halikulipiwa fidia. Yakawa chini ya Msajili wa Majumba, halafu mwaka 1990 yakahamia NHC. Swali la serikali lilikuwa moja: unaishi humo au unakula kodi ya wapangaji?

Zama zikabadilika. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haikuchukua nyumba, ilitaka asilimia 10 ya faida unapouza. Ila swali la 1971 likabaki palepale. Msamaha ulikuwa wa nyumba uliyoimiliki miaka 3 mfululizo, ukaishi humo jumla ya miaka 3, na faida isizidi milioni 15.

Sasa chukulia mama mjane wa Pasiansi. Nyumba iliwagharimu milioni 12, anaiuza milioni 40 ili akajenge Buhongwa. Faida ni milioni 28, kwa hiyo msamaha hapati. Kodi ni milioni 2.8. Jamani, hizo si ndiyo bati zake! Sheria inamuuliza alilala wapi, haimuulizi hela inaenda wapi.

India wanauliza. Ukiuza nyumba uliyokaa nayo muda mrefu ukanunua nyingine ndani ya miaka 2, au ukajenga ndani ya miaka 3, faida uliyoiweka humo inasamehewa. Marekani nao walikuwa na mpango wa namna hiyo hadi 1997.

Najua mtasema matajiri watauza na kununua kila siku bila kulipa senti. Kweli, basi iwekwe nyumba moja kwa mtu mmoja. Lakini huyu mama hajafanya biashara, amehama tu. Kuhama nako ni faida?

Haya, niwahi ubwabwa kabla haujaisha. Tuko pamoja.