Kombe la Afrika 1974: fainali iliyochezwa mara mbili

Tarehe 12 mwezi wa tatu 1974, kule Cairo, Leopards ya Zaire, ndiyo Congo ya leo, na Zambia walitoka sare 2-2, hata baada ya dakika za nyongeza. Hakukupigwa penalti: mechi ilirudiwa. Tarehe 14 Zaire ikashinda 2-0. Magoli yote manne ya Zaire alifunga Ndaye Mulamba.

Timu zilikuwa 8. Tangu 2019 ni 24, na hata wa tatu katika kundi anaweza kuendelea. Mwaka huo Congo ilipoteza mechi mbili, ikapiga Zimbabwe 4-0, ikapita kwa mlango huo. Madagascar ikaitoa kwa penalti.

Mulamba, mwenye magoli 9 katika kombe moja, alikimbilia Afrika Kusini. Alifia huko, mwaka uleule wa 2019.