Minada ya mtandaoni na katuni za bandia: nani alinde haki?

Wadau, leo tuingie kwenye historia kidogo. Kwenye mnada wa ng'ombe, iwe Migori au Homa Bay, mnunuzi humzunguka mnyama na kumfungua mdomo akague meno. Kwenye mnada wa mtandaoni unaona picha tu. Picha haiwezi kukwambia kama mkoba wa shule wenye Mickey Mouse ulitengenezwa kwa leseni ya Disney.

Mmoja wa minada ya mwanzo ya aina hii ulianza Septemba 1995, pale Pierre Omidyar, mwandishi wa programu kama mimi, alipofungua AuctionWeb, ambayo baadaye iliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Tovuti ilipopanuka, bidhaa bandia nazo zikaingia. eBay ikaweka mpango uitwao VeRO: mwenye haki anatuma notisi, tangazo linaondolewa. Sababu ni rahisi. Hakuna programu inayoweza kujua nani ana leseni kwa kutazama picha, maana mkataba umefungiwa kabatini mwa ofisi fulani.

Tiffany, kampuni ya vito, haikuridhika na utaratibu huo. Iliishtaki eBay mjini New York mwaka 2004, ikitaka eBay yenyewe isake bidhaa bandia. Mwaka 2008 jaji aliamua kwamba kulinda alama ya biashara ni mzigo wa mwenye alama, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kuhusu hilo. Ulaya ilikaza zaidi: mwaka 2011, katika kesi ya L'Oréal, mahakama ilisema tovuti inayosaidia kuitangaza bidhaa haiwezi kujificha nyuma ya wauzaji.

Kwetu Kenya, sheria dhidi ya bidhaa bandia ilipitishwa mwaka 2008. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yakaleta notisi: mtoa huduma akiipokea hupewa saa 48 kuzuia kazi hiyo, isipokuwa aliyelalamikiwa akijibu kwa kupinga. Yaani nasi tulichukua njia ileile: mwenye mali apige kelele kwanza.

Hapo ndipo penye shida. Disney ina mawakili wa kupiga kelele. Je, kijana wa Homa Bay anayechora katuni, akikuta mhusika wake kwenye fulana zinazouzwa mtandaoni, ana nani?

Ana haki ileile, kwa sababu hakimiliki huzaliwa pamoja na mchoro wenyewe, hata usiposajiliwa. Kinachomkosesha ni ushahidi. Kwa hiyo mchoraji, tunza mafaili yako ya mwanzo pamoja na tarehe zake, na usajili kazi KECOBO. Nasi tunaotengeneza tovuti za mauzo, tuweke fomu ya notisi kwa Kiswahili chepesi, tena tuhifadhi alama ya kila picha iliyoondolewa ili isirudi kesho kwa jina jingine. Kodi yake haizidi siku chache za kazi, na mchoraji asiye na wakili atakuwa amepata mlinzi.

Mnaonaje, wadau?