Mkeka wa Pili

Nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, Pangani, nyuma ya mlango wa chumba chake palikuwa na mkeka uliokunjwa. Haukuwa wa kuswalia, maana huo ulitundikwa ukutani. Haukuwa wa wageni wala wa kuanikia mpunga. Watoto tulikatazwa kuugusa. Siku moja niliuliza ni wa nini, nikaambiwa ni wa siku za mvua.

Nilikuja kuelewa nikiwa na miaka kumi na minne, mama mkubwa aliponikalisha uani kunieleza mambo ya kike. Enzi za babu, bibi alipoingia mwezini alishuka kitandani, akautandika mkeka ule sakafuni, akalala huko mpaka atakapotwaharika. "Ndiyo ilivyo," mama mkubwa akamaliza, na mimi nikajua maswali yamekwisha.

Nilipoolewa sikuwa na mkeka wa namna hiyo. Nilikuwa na kochi, na aliyehamia huko alikuwa mume wangu. Kila mwezi, siku ya kwanza, bila neno, alichukua shuka lake na simu yake akaenda sebuleni. Asubuhi alinisalimu vizuri tu, akaniuliza kama nimelala salama. Si mtu mbaya. Lakini zile siku ambazo kiuno kinauma na natamani mtu aniwekee tu mkono mgongoni, ndizo hizohizo nilizolala peke yangu. Nilidhani dini ndiyo inavyosema. Yeye naye alidhani hivyo. Mie kazi yangu ni kuuliza watu maswali wasiyotaka kuulizwa, ila hilo moja nilishindwa kuliuliza ndani ya nyumba yangu. Nikaenda kulitafuta vitabuni, kama tufanyavyo sisi tuliosoma tukiogopa kuzungumza.

Nianze na Torati, maana hata swali lililoulizwa Madina lina mizizi huko. Mambo ya Walawi, sura ya 15, inasema mwanamke aliye katika hedhi ni najisi siku saba. Amgusaye ni najisi mpaka jioni. Kitanda anacholalia na kiti anachokalia, navyo vilevile. Mwanamume akilala naye, naye anahesabiwa siku saba. Hayo wengi tumeyasikia. Tusichosikia sana ni kwamba sura hiyohiyo, kabla haijafika kwa mwanamke, inaanza na mwanaume: akitokwa na manii aoge, na yu najisi mpaka jioni. Yaani mwandishi alikuwa anapanga mambo ya miili yote miwili na mahali patakatifu, hakuwa anamtafuta mwanamke peke yake.

Halafu ukifungua sura ya 18 na ya 20 sauti inabadilika. Kuingiliana wakati wa hedhi sasa kumekatazwa kabisa, na wakifanya, wote wawili wakatiliwe mbali na watu wao. Ndani ya kitabu kimoja unajisi unaokwisha kwa maji na siku umesimama pembeni ya kosa kubwa. Marabi walibishana juu ya haya kwa karne nyingi, hata Talmudi ina kitabu kizima kuhusu hedhi, kinaitwa Nida. Humo wanasema binti za Israeli wenyewe ndio waliojiongezea uzito: hata wakiona tone dogo kama punje ya haradali, wanahesabu siku saba safi kabla ya kuoga na kurudi kwa waume zao. Ukijumlisha na siku za damu, mke na mume wanakaa mbali karibu nusu ya mwezi.

Mahali pengine katika Talmudi nilikutana na Rabi Akiva, mtu wa karne ya pili, nikacheka peke yangu maktabani. Wazee waliomtangulia walifundisha kwamba mwanamke katika siku zake asipake wanja wala asivae nguo za kupendeza, ili mume asivutwe. Akiva akawapinga. Alisema mkifanya hivyo mtamfanya mke achukize machoni pa mumewe, mwisho atampa talaka. Basi apake wanja wake. Katazo la kitanda lilibaki palepale, lakini mzee huyu aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona: nyuma ya sheria kuna ndoa ya watu wawili, na ndoa inaweza kufa kwa baridi.

Sasa Madina, karne ya saba. Sahihi Muslim inasimulia, kupitia kwa Anas, kwamba Wayahudi wa mji ule walikuwa hawali na mwanamke mwenye hedhi wala hawakai naye nyumba moja. Masahaba wakamuuliza Mtume (s.a.w.) wao wafanyeje. Ikashuka aya ya 222 ya Suratul Baqara: hedhi ni adhā, basi wajitenge na wanawake wakati huo mpaka watwaharike. Mtume akaifafanua kwamba kila kitu kinafaa isipokuwa tendo lenyewe.

Hebu litazame neno hilo, adhā. Tafsiri nyingi hulifanya uchafu au madhara. Lakini sisi Waswahili tunalo neno hilohilo, tumelirithi zima: adha. Tunasema adha ya usafiri, adha ya maji. Hakuna anayesikia "adha ya daladala" akafikiri abiria ni wachafu. Anafikiri wanateseka. Kama bibi yangu angesomewa aya ile kwa neno lake mwenyewe, angesikia kwamba Mungu anazungumzia kero anayoipata yeye.

Na hadithi zinazozunguka aya ile zina upole wa ajabu. Bi Aisha alisimulia kwamba alikunywa maji akiwa na hedhi, akampa Mtume chombo, naye akaweka mdomo palepale alipoweka yeye. Alisimulia kwamba Mtume aliegemea mapajani mwake akisoma Qur'ani. Siku nyingine alimwomba ampe kijimkeka cha kuswalia kutoka msikitini, naye akasema, nina hedhi. Akajibiwa kwamba hedhi yake haiko mkononi mwake.

Lakini iliyonisimamisha ni ya Ummu Salama, iliyomo katika Bukhari. Alikuwa amelala na Mtume chini ya shuka moja, damu ikaanza. Akajichomoa kimyakimya, akaenda kuvaa nguo zake za siku zile. Mtume akamuuliza, umeingia mwezini? Akasema ndiyo. Akamwita arudi, wakalala tena pamoja chini ya shuka lile.

Nilisoma hapo mara tatu. Ule utaratibu wa kujichomoa kimya niliujua. Sikuwa nimewahi kusikia habari za kuitwa kurudi.

Ikawaje basi mkeka ukafika nyuma ya mlango Pangani? Mwambao wetu ni wa madhehebu ya Shafii, na madrasa nyingi zimefundisha Safina, kijitabu cha Salim bin Sumayr wa Hadhramaut aliyefariki mwaka 1855. Safina inahesabu mambo kumi yanayoharamishwa na hedhi. Mojawapo ni mume kustarehe na mkewe baina ya kitovu na magoti. Wafuasi wa Hanbali wao wanazuia tendo peke yake, na hata Imam Nawawi, nguzo ya Mashafii wa karne ya 13, aliona kwamba kwa upande wa dalili kauli hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa aliyevuka mpaka, vitabu vya Shafii vinapendekeza sadaka ya dinari moja damu ikiwa mwanzoni, nusu dinari ikiwa inaishia. Katika orodha ileile ya kumi limo na hili: mume haruhusiwi kumpa mke talaka akiwa katika hedhi. Kitovu kimetajwa, magoti yametajwa, talaka imetajwa. Kushushwa kitandani hakumo. Hilo tuliliongeza wenyewe, tena pole pole, mpaka likawa dini.

Na si kwamba Waswahili tulikosa lugha ya mambo haya. Somo wangu, aliponiweka ndani kabla ya harusi, alinionyesha shanga. Nyekundu zinamwambia mume kwamba mwezi umeingia, nyeupe kwamba umetoka. Hakuna neno linalotamkwa, na hakuna anayekataliwa usoni. Lakini hata somo, kwa ufundi wake wote, hakuniambia siku za shanga nyekundu mume alale wapi.

Mwenzangu wa chumba cha habari, Mkristo, aliponisikia nasoma haya alisema, "Poleni, hayo mambo yenu." Nikamtajia Papa Gregory wa Kwanza. Mwaka 601, katika barua ambayo Bede aliihifadhi kwenye historia yake ya kanisa la Uingereza, papa huyo anamjibu mmisionari Augustine kwamba mwanamke mwenye hedhi asizuiwe kuingia kanisani wala kupokea komunyo, maana maumbile si kosa lake. Anamkumbusha yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu akagusa vazi la Yesu. Kitandani, hata hivyo, Gregory alishikilia katazo la kale. Haikupita hata karne moja, kanuni za toba zenye jina la Theodore, askofu mkuu wa Canterbury, zikamfungia mwanamke huyohuyo mlango wa kanisa. Mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mama yake hakuwahi kupanga maua ya altare akiwa katika siku zake.

Hayo ya maua yana historia yake pia, na safari hii haina dini ndani yake. Pliny, Mrumi aliyekufa Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, aliandika kwamba damu ya hedhi huchachusha mvinyo, hukausha mbegu na hutia mbwa wazimu. Tunaweza kumcheka. Lakini mwaka 1920 daktari Béla Schick wa Vienna, bingwa halisi ambaye kipimo chake cha dondakoo kilisaidia watoto wengi, alitangaza kwamba mwanamke mwenye hedhi hutoa sumu. Ushahidi wake ulianzia kwa mtumishi mmoja aliyeshika maua yakanyauka. Wanasayansi waliendelea kuisaka sumu hiyo kwa miongo kadhaa baadaye. Haikupatikana.

Wakati huohuo madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwapotosha wanawake kwa jambo zito zaidi. Karne ya 19 walimwangalia mbwa jike anayetokwa na damu anapokuwa kwenye joto, wakaamua kwamba mwanamke naye hupevusha yai wakati wa hedhi. Kwa hiyo waliwaambia wasiotaka mimba kwamba katikati ya mwezi ndiko salama. Sivyo kabisa! Ilibidi wafike Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, miaka ya 1920, kila mmoja kivyake, kuonyesha kwamba yai hutoka takribani wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Fikiria ni watoto wangapi walizaliwa kwa kosa lile.

Leo daktari ukimuuliza hatataja sumu. Atasema wawili wakiridhiana, tendo lenyewe wakati wa hedhi halileti ugonjwa, ila damu huongeza hatari ya kuambukizana Virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kwa hiyo kondomu ina kazi yake. Ataongeza kwamba mimba inawezekana, kwa kuwa mbegu za kiume huweza kuishi siku tano mwilini na mzunguko wa wengine ni mfupi. Basi. Mengine yote ni ya imani yako na ya huyo mliye naye.

Nilipomaliza kusoma nikamsimulia mume wangu habari ya Ummu Salama, hiyo moja tu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema hakuna aliyewahi kumfundisha kuhama. Alimwona baba yake akilala barazani siku fulani za kila mwezi, naye akadhani ndiyo adabu. "Nilijua unataka nafasi," akaniambia. Na mimi nilijua ananikwepa.

Ningeishia hapa, na insha ingekuwa nzuri, mwanamke aliyeshushwa kitandani akirudishwa na vitabu. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Pangani. Bibi sasa amepita miaka themanini na huniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikampa shikamoo, tukala, nikamsomea niliyoandika. Nilimwambia, bibi, hukupaswa kulala chini. Hakuna kitabu kilichokushusha.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mke mwenza," akasema, "nimezaa tisa. Kutwa nzima niko shamba, jioni jikoni, usiku babu yako. Unadhani nilikuwa nalala lini?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wakati mwingine mwezi umeshatoka siku mbili, na mimi bado niko mkekani. Babu yako alikuwa hahesabu."

Nilirudi Dar na insha imevunjika mikononi. Nilikuwa nimetafuta nani aliyeutandika mkeka ule, Torati, Safina au sayansi, na sikuwahi kufikiri kwamba aliutandika mwenyewe. Nimeamua kuacha yote mawili hapa, shuka la Ummu Salama na mkeka wa bibi. Mume wangu sasa halali kochini. Iko miezi ninayomwomba aende, naye anachukua shuka lake anakwenda, na safari hii namsikia akiuliza kutoka sebuleni kama maji ya moto kwenye chupa yametosha.