Vimeng'enya vya ini vikipanda, pombe isimame kwanza

KILA Desemba wazaliwa wa Usangi waishio Dar es Salaam, Arusha na Moshi hupanda milima ya Upare Kaskazini kwenda kula sikukuu na wazee wao. Si kila nyumba ina pombe, kwani Waislamu huko ni wengi, lakini penye wanywaji dengelua, ile pombe ya maji ya miwa, haikosekani, na bia hufuata. Januari wakirejea mjini, baadhi yao hupimwa damu kwa sababu nyingine kabisa. Hapo ndipo hukabidhiwa karatasi yenye herufi ALT na AST, na pembeni mshale unaoelekea juu.

Vimeng'enya hivyo hufanya kazi ndani ya seli za ini. Seli ikijeruhiwa, huvuja na kuingia katika damu. Kwa hiyo kipimo hueleza majeraha yanayotokea sasa. Hakielezi ini limebakiwa na nguvu kiasi gani. Wengi hawaambiwi jambo hili, nao huisoma karatasi kama matokeo ya mtihani wa shule.

Maabara nyingi huweka ukomo wa kawaida karibu na 40 kwa lita. Pombe inapoumiza ini, AST mara nyingi huizidi ALT, hata kufikia mara mbili, ingawa ni nadra kupita 400. Tarakimu zikifika maelfu, daktari hutafuta chanzo kingine. Hata zisipofika huko, pombe isihukumiwe peke yake. Homa ya ini aina B hupandisha vimeng'enya pia, na chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002 tu, hivyo watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Dawa za kifua kikuu, unene, kisukari na sumukuvu ya mahindi, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, nazo zimo.

Kama chanzo ni pombe, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta yaliyojaa kwenye ini huweza kuondoka ndani ya wiki 4 hadi 6 za kuacha kabisa. AST hushuka mapema. GGT, kipimo kingine kinachopanda kwa wanywaji, huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya mwezi au zaidi, si baada ya siku tatu.

Kuacha maana yake ni kuacha. Kuhama kutoka pombe kali kwenda bia hakusaidii: chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, na chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 55. Bia tatu zimeshaipita. Wala mizizi ya "kusafisha ini" si tiba. Baadhi ya dawa za miti shamba huliumiza zaidi. Parasetamoli nayo, inayomezwa asubuhi kichwa kinapogonga, isizidi gramu 2 kwa siku kwa mnywaji wa kupindukia.

Hata hivyo, aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Huweza kupata mitetemo na degedege ndani ya siku mbili, kisha kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali, na apewe vitamini B1.

Tarakimu za kawaida pia huweza kudanganya. Ini lililojaa makovu, yaani sirosisi, limebakiwa na seli chache za kuvuja, hivyo ALT huonekana nzuri. Hapo daktari huangalia albumini, bilirubini, muda wa damu kuganda, chembe sahani na picha ya utrasaundi. Makovu mazito hayafutiki kirahisi, lakini hata mwenye sirosisi akiacha pombe huongeza miaka yake.

Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji, mtu akitapika damu au akianza kupotewa na fahamu, asisubiri kipimo cha mwezi ujao. Kwa aliye mlimani, safari huanzia Hospitali ya Usangi siku hiyo hiyo, na ikibidi huendelea hadi KCMC, Moshi.