Mkunjo wa usemi

Ukifungua Kodeksi ya Mendoza, iliyochorwa Mexico mnamo miaka ya 1540 na sasa iko Oxford, utamwona kiongozi Tenoch ameketi mkekani. Mbele ya mdomo wake kuna kitu kidogo cha buluu, kimejipinda nchani kama mkia wa kinyonga. Napendekeza tukiite mkunjo wa usemi.

Waingereza hukiita gombo, na wapo wanaotaka tuwafuate. Gombo kwetu lina maandishi, kwa hiyo msomaji atatafuta maneno ndani yake asiyapate. Mkunjo hauelezi mtu amesema nini. Unaonyesha tu kwamba anasema. Na kusema kwa Wanahua, watu wa Tenoch, kulikuwa na uzito wake: mtawala wao walimwita tlatoani, yaani msemaji.

Majina ya watu yaliandikwa kwa njia nyingine, kwa kuwa hayo yalisomwa. Nyuma ya Tenoch kuna jiwe, tetl, limeota mpungate, nochtli, na mstari mwembamba unaliunga jina na mwenyewe. Ondoa viishio, unapata te na noch. Itzcoatl, aliyetawala hadi 1440, anatambulishwa na nyoka, coatl, mwenye vipande vya itztli, lile jiwe jeusi la volkano lenye makali. Hizo ni alama-neno: picha na maana vinakwenda pamoja. Lakini katika Kodeksi ya Vergara jina hilohilo limeandikwa bila nyoka. Kuna itztli, kuna chungu, comitl, na maji, atl. Chungu kinatoa co, maji yanatoa a, na maana zake zinaachwa kando. Hizo mbili tuziite alama-sauti.

Mkunjo nao uliweza kuvuka mpaka huo. Mji wa Cuauhnahuac, ambao Wahispania waliugeuza kuwa Cuernavaca, uliandikwa kwa mti, cuahuitl, wenye mdomo shinani na mkunjo unaotoka mdomoni humo. Si hekaya ya mti unaosema. Mkunjo unasomwa nahua, mzizi wa sauti inayosikika vizuri, ili kupata nahuac, "karibu na". Jina la mji ni Karibu na Miti. Kwa hiyo mfasiri anayekuta mkunjo aangalie kwanza umetoka mdomo gani: wa Tenoch ni mkunjo wa usemi, haumpi sauti yoyote ya kusoma, wa mti huu ni alama-sauti, na akiuruka ameiacha nusu ya jina.