Wauguzi wa Kwanza wa Ganado

Ganado ni mahali katika Arizona, Marekani, katika nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Misheni ya Kipresbiteri ilianza kazi huko mwaka 1901. Mwaka 1927 akafika Dkt. Clarence Salsbury, aliyekwisha kufanya kazi ya udaktari katika kisiwa cha Hainan, Uchina. Na mwaka 1930 akafungua chuo cha uuguzi kwa wasichana wenyeji katika hospitali ya Sage Memorial. Wengi walisema kuwa wasichana hao hawataweza mafunzo yale.

Ili tufahamu ugumu wenyewe, yatupasa kuijua desturi. Wanavajo tangu zamani huogopa maiti na mzuka wa aliyekufa. Mtu akifia nyumbani, nyumba ile ilihamwa, pengine ikachomwa moto. Basi hospitali, ambamo vitanda vilikwisha kulaza wafu, yawezaje kuwa mahali pa kupona? Na msichana aliyekubali kuvaa nguo nyeupe alikubali kugusa yale aliyokatazwa na mama yake tangu utoto. Hakuna mtihani wa daftari upimao jambo hilo.

Hata hivyo masomo hayakupunguzwa. Walisoma miaka 3, kisha wakafanya mtihani uleule wa jimbo la Arizona waliofanya wauguzi wengine wote. Mwaka 1933 wakahitimu wawili wa kwanza, Adele Slivers na Ruth Henderson, wote Wanavajo. Baadaye wakaja wasichana wa makabila mengi, wakakaa bweni moja. Nasi twaona kwamba hapo palikuwa na msaada mkubwa kuliko vitabu: hakuna aliyekuwa peke yake mgeni kati ya wageni.

Hatusifu kila jambo. Salsbury alishindana waziwazi na waganga wa Kinavajo, na wanafunzi wake walisimama katikati, kati ya mwalimu na wazee wao.

Tutazame na lugha. Sisi twasema mwuguzi, kutoka kuugua na kuuguza. Yaani twamtazama mgonjwa. Mnavajo humwita mwuguzi azee' neikáhí, maana yake yeye azungukaye akichukua dawa. Tena azee', dawa, ndilo neno la zamani la dawa za waganga. Mwuguzi mwenyeji alipoitwa hivyo na mgonjwa mzee, hakuhitaji mkalimani.

Chuo kilifungwa mwaka 1951. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliyaandika majengo yake miongoni mwa mahali pa kumbukumbu za taifa.