Jeraha Linapona kwa Siku Ngapi? Historia ya Kanuni Moja ya Dungeons & Dragons

Wandugu, leo tuache kidogo wafalme na mikataba. Nataka kuongelea kanuni moja ndogo ya mchezo, kanuni ambayo imeandikwa upya karibu kila mara kitabu kipya kilipotoka, na watu wanaigombania mpaka sasa: mutu aliyejeruhiwa alale siku ngapi mbele ya kurudi vitani?

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Kwa wale hawajauona: watu wanne ao watano wanakaa kwenye meza, kila mmoja iko na mutu wake kwenye karatasi (mwenye upanga, kasisi, mwizi, mchawi), na mmoja wao anaongoza hadithi. Dadu njo zinaamua. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 huko Marekani, na Gygax alikuwa anaishi Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin. Wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita vya mezani, ile ya askari wadogo wadogo. Kutoka kule walileta pointi za uhai, yaani hesabu ya mapigo ambayo mutu anaweza kuvumilia mbele ya kuanguka. Arneson alieleza kwamba wazo hilo alilitoa kwenye mchezo wa vita vya manowari. Bon, manowari ikitobolewa inaenda kutengenezwa bandarini. Na mutu je?

Vitabu vya 1974 vinajibu kwa ukali. Siku ya kwanza ya kupumzika haikupi kitu. Kisha unapata pointi moja kila siku ya pili. Fanya hesabu: ukipoteza pointi 20, unalala karibu siku 40. Mwaka 1979 Gygax alilegeza kidogo katika kitabu cha wenye kuongoza mchezo: pointi moja kwa siku, na wiki 4 mfululizo za kitanda zinamponya mutu yeyote, hata akiwa alifikia mlango wa kifo.

Wachezaji wazee wanapenda kutaja hizo namba kama vile wazee wetu wanavyotaja shule ya zamani: siye tulikuwa wagumu, nyinyi mnabembelezwa. Mimi sikubali. Ukali haukuwa ndani ya namba. Ulikuwa ndani ya kalenda.

Katika kile kitabu cha 1979, Gygax aliandika kwa herufi kubwa kwamba bila kuandika muda kwa makini, mchezo wa kudumu hauna maana. Tena aliweka kwamba siku ambazo hamuchezi, siku moja ya kweli ni siku moja ya mule ndani ya hadithi. Meza za zamani zilikuwa na wachezaji wengi, wanaingia na kutoka, leo hawa, kesho wengine. Sasa mutu wako akilala wiki 3, unangoja wiki 3 za kweli, ao unachukua mutu mwingine wa kuanza naye chini. Na wakati ule wenzako wanashuka mapangoni wanabeba dhahabu uliyoiacha. Hapo kulala kunauma.

Polepole meza zikageuka. Wakabaki marafiki 4 ao 5, walewale, wanakutana mara moja kwa wiki, hadithi inasimama wakiondoka na inaanza tena wakirudi. Katika meza kama hii, wiki 4 za kitanda ni sentensi moja tu: "Wiki nne zimepita." Hakuna aliyepoteza kitu. Kanuni ilibaki kwenye kitabu, lakini bei yake ilikuwa imeshaondoka.

Kulikuwa tena tatizo lingine, na hili lilikuwepo tangu mwanzo. Uchawi wa mchezo huu ulitokana na Jack Vance, mwandishi Mmarekani aliyetoa The Dying Earth mwaka 1950. Kwake mchawi (si mulozi wa kijijini, huyu ni mutu wa vitabu) anajaza kichwa maneno ya nguvu, na akiyatumia yanafutika mpaka ayasome tena. Mchezo ukaunganisha kusoma huko na usingizi: ukilala, kesho yake uko na uchawi wako. Donc mwili unapona kwa mwezi, uchawi unarudi kwa usiku mmoja. Na kasisi anaponya kwa uchawi! Wachezaji si wajinga. Walijifungia ndani ya chumba, kasisi akalala, akaamka, akaomba, akaponya wote, akalala tena. Ule mwezi wa Gygax ukawa siku tatu ao nne. Wengine walienda mbali zaidi: wanatumia uchawi wote kwenye pambano la kwanza, wanarudi kulala saa tatu ya asubuhi. Wachezaji waliipa jina la dharau, siku ya kazi ya dakika 15.

Kampuni ya Wizards of the Coast ilinunua TSR, wachapishaji wa kwanza, mwaka 1997. Toleo la 3 likatoka mwaka 2000: usiku mmoja unakupa pointi sawa na ngazi yako. Mutu wa ngazi ya 10 aliyepoteza pointi 60 anapona kwa usiku 6. Kwa kanuni ya 1974, zingekuwa siku 120 hivi. Toleo la 4, mwaka 2008, likamaliza kesi kabisa: saa 6 za usingizi, yote inarudi. Toleo la 5, mwaka 2014, likasema saa 8, na katikati ya siku pumziko fupi la saa moja ambapo unarusha dadu kujitibu.

Kwa siye wa huku, tumeona mutu wa kweli akitoka hospitali baada ya miezi, na mguu bado hautaki, hiyo asubuhi ya kuamka mzima inachekesha kidogo. Jibu la Gygax lilikuwa tayari mwaka 1979: pointi za uhai si nyama tu, sehemu kubwa ni ujuzi, bahati na msaada wa miungu. Sawa. Lakini kama ni bahati, juu ya nini bahati ilikuwa inahitaji wiki 4 za kitanda? Hapo yeye mwenyewe alijifunga, na toleo la 2008, hata kama wengi walilichukia, lilikuwa na mantiki zaidi yake.

Waandishi wengine walitafuta njia tofauti. 13th Age, ya mwaka 2013, ilikata uzi kati ya usingizi na kupona: unapona kabisa baada ya mapambano 4 hivi, ulale usilale. The One Ring, ya mwaka 2011, inayochezwa ndani ya dunia ya Tolkien, iliangalia fasi: iko na kipindi kizima cha kupumzika kati ya safari, na nyumba salama njo zenye thamani. Hii ya pili naipenda sana, maana mchezaji anaanza kujua jina la mwenye nyumba.

Kitabu cha kuongoza cha 2014 nacho kiliacha mlango wazi: ukitaka, pumziko fupi liwe saa 8, na refu liwe siku 7. Watu wengi wanaijaribu wanaiacha, wanasema inachosha. Nadhani wanasahau ile nusu nyingine ya 1979. Ukiweka siku 7 na adui naye anangoja siku 7 bila kusogea, umeongeza namba tu. Lazima jeshi litembee, mvua ifunge barabara, mwenye deni apige hodi.

Tangu mwaka 2023 kanuni za msingi za toleo la 5 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, hata kwa Kifaransa, mnaweza kuzishusha bure na kuzibadilisha. Kwenye meza yetu tumechukua zile siku 7, na kalenda iko ukutani. Wiki iliyopita kasisi alitaka kulala. Wenzake walihesabu siku zilizobaki mbele ya daraja kukatwa, wakamubeba hivyohivyo.